Mtoto Mtulivu: Uchambuzi wa Kisa cha Kuchelewa Kusema

Mtoto alikuwa na umri wa miezi 26 alipofika kliniki, na hakuletwa kwa ajili yake mwenyewe. Mama alikuwa amempeleka mdogo wake wa miezi mitano kupimwa uzito, na huyu mkubwa alifuatana nao kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kumwachia. Mhudumu aliyekuwa akijaza kadi ya mtoto mchanga aliuliza, kama ilivyo desturi ya kazi, huyu mwingine anaendeleaje. Mama akajibu kwa fahari kidogo: "Huyu hana shida, ni mtulivu, hanisumbui hata kidogo." Kisa chote kimeanzia katika jibu hilo, kwa sababu mtoto wa miaka miwili asiyemsumbua mama yake hata kidogo ni mtoto anayestahili kuangaliwa mara ya pili.

Niseme mapema kwamba kisa hiki ni cha mfano. Kimeundwa kwa kuunganisha mambo yanayokutwa mara kwa mara katika kazi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na namba za vipimo vya familia hii ni za kisa chenyewe, hazimhusu mtoto yeyote anayeweza kutambuliwa. Tafiti zinazotajwa kandokando yake ni za kweli. Nimekichagua kisa cha namna hii kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo mijadala ya makuzi hulitaja kwa haraka na kulipita: mazingira hayamfikii mtoto mdogo moja kwa moja. Hupitia kwanza katika mikono, mavazi, usingizi na hali ya nafsi ya mtu anayemlea, na yanapomfikia mtoto huwa yameshachukua sura ya mtu huyo.

Kilichoonekana kwenye benchi

Wakati mdogo wake anapimwa, mtoto alikaa kwenye benchi akikigeuzageuza kifuniko cha chupa. Baada ya muda alishuka, akakiweka kifuniko juu ya goti la mama yake, akainua uso na kungoja. Mama alikuwa akitazama ukutani. Mtoto alingoja kwa muda ambao mtu mzima angehesabu hadi sita, kisha akakichukua kifuniko chake, akarudi mahali pake na hakujaribu tena. Dakika chache baadaye mhudumu aliangusha kalamu. Mtoto akaiokota, akampa, akamtazama machoni, na mhudumu alipomshukuru akatabasamu.

Matukio hayo mawili yalitupa habari nyingi kuliko fomu. La pili lilionyesha kwamba mtoto huyu anajua watu ni wa kushirikiana nao, anafuata jicho la mwenzake na anaelewa zamu ya kupeana. La kwanza lilionyesha kwamba ameshajifunza wapi asipoteze nguvu zake.

Historia iliyotolewa na mama ilikuwa hivi. Ujauzito ulitimia, mtoto alizaliwa na uzito mzuri, akakaa kwa wakati wake na kutembea alipotimiza mwaka. Alipokuwa na miezi 15 alikuwa na maneno machache yanayoeleweka na alikuwa akiongeza mapya. Alipofikisha miezi 16 familia ilihama kutoka katika nyumba iliyokuwa na bibi mzaa mama na kwenda kupanga chumba kimoja karibu na kazi mpya ya baba. Mama wakati huo alikuwa na mimba ya mtoto wa pili, aliyezaliwa huyu wa kwanza akiwa na miezi 21. Sasa, akiwa na miezi 26, mtoto alikuwa akisema maneno sita, na hakuwahi kuunganisha hata mawili, jambo ambalo watoto wengi huwa wameshalianza wanapokaribia miaka miwili. Hakuwa amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Alikuwa amesimama palepale. Tofauti hiyo ni kubwa, na ndiyo sababu tuliisisitiza katika mahojiano: mtoto anayepoteza uwezo aliokuwa nao anahitaji uchunguzi wa aina nyingine na wa haraka zaidi.

Vipimo na utaratibu wake

Mtoto asiyesema hupimwa masikio kabla ya kitu kingine chochote. Nimeona wataalamu wakiruka hatua hii kwa sababu mtoto "anageuka akiitwa", wakati mtoto anaweza kugeuka kwa kivuli, kwa mtikisiko wa sakafu au kwa mazoea tu. Usikivu wa mtoto huyu ulikuwa mzuri katika masikio yote mawili. Dodoso la awali la usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na uhusiano na watu, halikuonyesha hatari kubwa, na lile tukio la kalamu liliunga mkono jibu hilo, ingawa tulipanga kulirudia kwa sababu dodoso moja la siku moja halifungi mjadala.

Damu ndiyo iliyotushtua. Himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ilikuwa gramu 9.4 kwa desilita, yaani chini ya kiwango cha mtoto wa umri huo, na picha ya damu ilionyesha upungufu wa madini ya chuma. Kiwango cha madini ya risasi kilikuwa maikrogramu 17 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kilicho salama, na mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kiwango kinapofika 5. Marekani, mwaka huohuo, ilishusha kigezo chake cha kumfuatilia mtoto hadi 3.5. Kipimo cha 17 si cha kumlaza mtoto hospitali, lakini si cha kurudi nacho nyumbani na kusubiri.

Mwisho tulimpa mama dodoso la Edinburgh, lenye maswali kumi, ambalo tangu mwaka 1987 limetumika duniani kote kubaini sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, baada ya kujifungua. Alipata alama 18 kati ya 30. Swali la kumi, linalouliza kuhusu wazo la kujidhuru, alilijibu "hapana", na tulimuuliza tena kwa mdomo ili kuwa na hakika. Alipoulizwa analala saa ngapi kwa usiku, alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeulizwa habari za nchi ya mbali.

Jioni moja nyumbani

Kabla ya kutembelea nyumba tulidhani risasi inatoka katika rangi ya zamani ya ukutani, kwa sababu chumba kilikuwa cha jengo chakavu na mtoto alikuwa na tabia ya kula udongo na vipande vya ukuta. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Watoto wenye upungufu wa madini ya chuma mara nyingi hutamani kula visivyoliwa. Tulikuta rangi imebanduka mahali pawili na tukaiandika. Lakini jibu kubwa zaidi liliingia kwa mlangoni.

Baba alirudi kutoka kazini jioni. Kazi yake ilikuwa kupasua betri chakavu za magari na kutoa sahani za ndani ili zikayeyushwe. Shati lake lilikuwa na vumbi la kijivu mabegani na katika mikunjo ya kola. Mtoto aliposikia hatua zake alikimbia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akikimbia. Akarukia mikononi, akaficha uso kifuani mwa baba, akaikamata kola kwa vidole vinne, na baada ya muda akavitia vidole hivyo kinywani. Baba alimzungusha, akamwita majina ya mzaha, akamuuliza habari za mdogo wake kana kwamba atajibu. Hayo yalikuwa mazungumzo marefu zaidi aliyopata mtoto tangu asubuhi. Kumbatio lililokuwa likimtia sumu ndilo lililokuwa likimlea.

Ninakaa hapo kwa makusudi, kwa sababu mtaalamu mwenye haraka angeandika katika taarifa yake kwamba mtoto asiguswe na baba akitoka kazini, na angekuwa ameokoa damu kwa kukata mshipa. Mazingira ya kikemikali na mazingira ya upendo katika nyumba ile yalikuwa yamo katika shati moja.

Risasi hufanya nini, na kwa nini ilimpata huyu

Mwili wa mtoto hufyonza risasi inayomezwa mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Baba huenda asihisi chochote kwa miaka, hali mtoto anayeilamba kola yake anajengeka ubongo katika vumbi hilohilo. Risasi hujifanya kalsiamu. Huingia mahali ambapo kalsiamu ingefanya kazi, na miongoni mwa mahali hapo ni pale seli za neva zinapopelekeana ishara. Mtoto wa umri huu yumo katika kipindi ambacho viunganishi vya seli za neva huundwa kwa wingi, kisha vinavyotumika huimarishwa na visivyotumika hupunguzwa. Kwa hiyo uharibifu hauonekani kama kidonda. Mtoto anakula, anatembea, anatabasamu, ila kazi ya kuchagua kipi kibaki na kipi kiondoke inafanywa katika kelele za kemikali.

Upungufu wa madini ya chuma nao haukuwa tatizo la pembeni. Utumbo hutumia mlango uleule kupokea chuma na kupokea risasi, na mwili ulio na njaa ya chuma huufungua mlango huo zaidi. Mtoto mwenye damu pungufu na mtoto mwenye damu kamili wakilamba vumbi moja, hawapati dozi moja.

Swali lililoulizwa haraka na familia, na ni swali la haki, ni kama kuna dawa ya kuitoa. Ipo, na hutumika kiwango kikiwa juu sana, kwa kawaida kuanzia 45. Chini ya hapo tuna jibu la utafiti uliochapishwa mwaka 2001 nchini Marekani, uliowahusisha watoto 780 wenye kiwango cha kati ya 20 na 44. Nusu walipewa dawa ya kuondoa risasi na nusu vidonge visivyo na dawa. Dawa ilishusha kiwango katika damu, lakini watoto hao hawakufanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili na tabia. Dawa inaisafisha damu, wala hairudishi miezi ambayo ubongo ulikuwa ukijengwa vibaya. Kwa kiwango cha 17, tiba ilikuwa kukifunga chanzo na kuurudisha mwili kwenye chuma chake.

Na familia hii haikuwa ya ajabu. Ripoti ya UNICEF na shirika la Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, takriban watoto milioni 800, ana kiwango cha risasi kinachofika au kupita 5, na ilizitaja betri zinazorejelezwa bila utaratibu kuwa miongoni mwa vyanzo vikuu.

Uso usiojibu

Kama kisa kingeishia kwenye risasi, kingekuwa kisa cha sumu tu. Lakini maneno yalisimama yakiwa na sababu nyingine iliyokaa nyumbani mchana kutwa.

Mwaka 1978 mwanasaikolojia Edward Tronick na wenzake walichapisha jaribio rahisi ambalo ukiliona mara moja huwezi kulisahau. Mama anacheza na mtoto mchanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache anaambiwa aukaze uso, asijibu chochote. Mtoto anaona mara moja. Anatabasamu, anapiga kelele, ananyoosha mikono, anajaribu kila alichowahi kukitumia kumwamsha mama. Akishindwa, anageuza uso na kujikunyata. Jaribio linaisha na mama anarudi. Katika sonona mama harudi, au anarudi mara chache na kwa muda usiotabirika, na mtoto hujipanga upya kufuatana na hali hiyo. Kifuniko cha chupa kilichowekwa gotini na kuchukuliwa tena kilikuwa jaribio lilelile, bila mtafiti.

Ni lazima hapa haki itendeke kwa mama. Utafiti wa Tronick huyohuyo ulionyesha kwamba hata mama na mtoto wenye afya njema huwa hawaendi sambamba muda mwingi. Hupishana, hukosana, kisha hurudiana. Kinachomjenga mtoto ni kule kurudiana. Mama wa kisa hiki hakuwa mkali wala mzembe: watoto walikuwa safi, kadi zao zilikuwa zimetunzwa, na aliyakumbuka maneno ya kwanza ya mtoto wake kwa mpangilio. Alichokosa ni akiba ya kurudi. Alihama akiwa na mimba, akampoteza mama yake kama msaidizi wa kila siku, akajifungua, akalala vipande vipande kwa miezi mitano, akawa peke yake na watoto wawili kuanzia asubuhi hadi jioni katika chumba ambacho runinga iliwashwa mchana kutwa kwa sababu, alivyosema mwenyewe, "angalau kunakuwa na mtu anayeongea."

Runinga ile haikuwa bure. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri mtoto wa miaka miwili asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na aliye chini ya mwaka asikae kabisa. Hata hivyo nadhani lawama nyingi huelekezwa kwenye kioo chenyewe wakati hasara kubwa iko katika kile kinachozibwa: runinga ikiongea, watu wazima huongea kidogo, na mtoto hushindwa kuitenga sauti inayomhusu na ile isiyomhusu. Kwa miaka mingi imerudiwa hadithi kwamba watoto wa familia maskini husikia maneno milioni 30 pungufu kufikia miaka minne. Hesabu hiyo ilitokana na familia 42 tu, na imepingwa na wengi. Jambo linaloelekea kudumu ni jingine: zamu za mazungumzo, mtoto anapotoa sauti na mtu akamjibu, zina uzito kuliko idadi ya maneno yanayomwagwa karibu yake. Bibi aliyebaki kule nyuma alikuwa, kwa maelezo ya mama, "mtu wa kumuuliza mtoto kila kitu na kujijibu mwenyewe." Mtoto alikuwa amehamishwa kutoka kwa mwalimu wake wa lugha, na hakuna aliyeliandika hilo popote kama tukio.

Mpango wa kwanza ulishindwa

Kabla ya majibu ya damu kutoka, mtoto alikuwa ameshapewa karatasi ya mazoezi: kumsomea picha dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, kutaja majina ya vitu, kumwimbia, kuzima runinga. Mazoezi hayo ni mazuri. Baada ya wiki sita hapakuwa na neno jipya hata moja, na mama alikosa kuja mahudhurio mawili. Alipokuja la tatu alikuwa na karatasi ile ndani ya mfuko wa plastiki, imenyooka, haina hata kunyanzi, na kabla hajaulizwa alianza kuomba msamaha.

Makosa yalikuwa yetu. Tulichukua tatizo la nyumba nzima tukalikabidhi kwa mtu mwenye nguvu ndogo kuliko wote, tena kwa namna iliyomfanya aamini kwamba yeye ndiye sababu. Sonona hulisha hatia, na karatasi ile ilikuwa chakula chake.

Mpango wa pili

Safari hii tulianza na baba, na tulianza na maji. Alitakiwa kuviacha viatu na nguo za kazi nje ya chumba, ndani ya ndoo yenye mfuniko, kunawa mikono, uso na nywele kwa sabuni, na kuvaa nguo nyingine kabla ya kumgusa mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi, kwa kuwa kufagia pakavu hulirusha vumbi la risasi hewani na kulishusha upya juu ya vitu. Rangi iliyobanduka ifunikwe, na kitanda cha watoto kihamishwe kutoka ukuta ule. Mtoto apewe dawa ya madini ya chuma kwa kipimo cha uzito wake. Kuhusu kazi yenyewe, baba alisema wazi kwamba hawezi kuiacha kwa sasa, nasi hatukumhubiria. Tulimwandikia barua ya kupimwa damu yeye mwenyewe, na matokeo yake, yaliyokuwa juu mara mbili ya yale ya mtoto, yalimsukuma kuomba apelekwe upande wa kupanga na kupakia, ambako vumbi lilikuwa pungufu. Alikubaliwa baada ya miezi miwili.

Lakini utaratibu wa kunawa ulikuwa na hatari yake: mtoto aliyesubiri mchana kutwa angemwona baba akimkwepa mlangoni. Kwa hiyo tulimwomba baba aongee wakati wote wa kunawa. Ataje anachofanya, aombe sabuni, aulize mkono upi sasa, angoje jibu hata kama jibu ni kidole tu. Mtoto akapewa kazi ya kushika taulo. Dakika 15 za kujisafisha zikawa dakika 15 za zamu za mazungumzo, kila jioni, na mtu ambaye mtoto alikuwa tayari na hamu naye. Sijawahi kuona karatasi ya mazoezi iliyofanya kazi kama ndoo ile.

Kwa mama hatukupeleka mazoezi yoyote ya mtoto kwa wiki nne za mwanzo. Alipelekewa usingizi kwanza: baba alimchukua mchanga kuanzia alfajiri hadi muda wa kuondoka, mama akapata saa nne mfululizo. Mhudumu wa ngazi ya jamii alimtembelea kila wiki kwa mazungumzo yaliyopangwa, ya namna iliyojaribiwa vijijini nchini Pakistan na Atif Rahman na wenzake, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Wahudumu wasio madaktari walifundishwa kumsaidia mama kuyatambua mawazo yanayomvuta chini na kujaribu mengine mahali pake. Watoto wao walipofika miezi sita, mama waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23 katika kundi lililohudumiwa na asilimia 53 katika kundi la kulinganishia. Jambo lisilotajwa sana kuhusu utafiti ule ni kwamba urefu na uzito wa watoto haukutofautiana kwa kiasi cha kuamini. Kilichobadilika ni mambo ya kila siku: kuhara kulipungua, chanjo zilikamilishwa zaidi, na wazazi wote wawili walicheza zaidi na mtoto. Hali ya mama haimlishi mtoto moja kwa moja. Inafungua mikono inayomlisha.

Kuanzia wiki ya tano mhudumu yuleyule alianza kukaa na mama na mtoto pamoja kwa saa moja, na vitu vya nyumbani tu: vikombe vya kupangana, boksi, kitambaa cha kuficha kitu. Muundo huo ulifuata kazi ya Sally Grantham-McGregor na wenzake mjini Kingston, Jamaika, iliyoanza mwaka 1986 kwa watoto 129 waliodumaa. Baadhi walipewa lishe ya nyongeza, baadhi walitembelewa saa moja kila wiki kwa miaka miwili ili mama wafundishwe kucheza nao. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa na kipato cha juu kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa, hali lishe peke yake haikuacha alama ya namna hiyo. Wengi huukumbuka utafiti ule kwa sababu ya kipato. Mimi huukumbuka kwa sababu aliyefundishwa alikuwa mama, na mtoto akapata faida ya siku zote saba za wiki kutokana na saa moja.

Bibi naye alirudishwa kwa simu. Kila mchana alipiga, mama akaweka sauti ya juu, bibi akamuuliza mtoto kila kitu na kujijibu mwenyewe.

Baada ya miezi sita

Risasi ilishuka kutoka 17 hadi 9. Himoglobini ilipanda hadi 11.6. Alama za mama katika dodoso zilikuwa 7. Mtoto, sasa mwenye miezi 34 kwa kuhesabu na zile wiki za mpango wa kwanza, alikuwa na maneno tuliyoweza kuyaorodhesha zaidi ya 80, na alikuwa akiunganisha mawili: "baba maji", "leta taulo", "bibi nani?" Dodoso la usonji liliporudiwa halikuonyesha hatari.

Ni rahisi kutaka kujua ni kipi hasa kilichofanya kazi, na katika kisa kimoja swali hilo halina jibu la uaminifu. Chuma, vumbi, usingizi wa mama, ndoo ya baba na simu ya bibi vilibadilika karibu pamoja. Tunaweza kusema kwamba maneno ya kwanza mapya yalisikika katika wiki ya tatu ya utaratibu wa kunawa, kabla damu haijapata nafasi ya kubadilika sana, jambo linaloelekeza kidole kwenye mazungumzo. Tunaweza pia kusema kwamba mazungumzo yanaweza kuwa na kazi hata dhidi ya sumu yenyewe: panya waliokuzwa na risasi kisha wakawekwa katika vizimba vyenye wenzao wengi na vitu vya kuchezea walirudisha sehemu ya uwezo wao wa kujifunza, katika utafiti wa Tomás Guilarte na wenzake wa mwaka 2003. Panya si mtoto, na sitaki kulivuta tokeo hilo mbali kuliko linavyofika. Linatosha kuzuia kauli kwamba ubongo ulioguswa na risasi hauna la kufanyiwa.

Hata hivyo mtoto huyu bado yuko nyuma ya wenzake, hasa katika kukaa na jambo moja hadi liishe. Muda una uzito wake. Katika mradi ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000, watoto 136 waliokuwa wakiishi katika vituo vya kulelea watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapelekwa katika familia za malezi. Waliopata familia kabla ya takriban miaka miwili walinufaika zaidi katika mambo kadhaa kuliko waliochelewa. Nyumba ya kisa chetu haikufanana hata kidogo na vituo vile. Ila miezi kumi ya ukimya kati ya mwezi wa 16 na wa 26 iliangukia mahali ghali.

Jambo moja lilibaki wazi katika faili. Mdogo wake, aliyeletwa kupimwa uzito siku ile ya kwanza, sasa ametimiza mwaka na anatambaa kwa kasi, na kila anachokiokota sakafuni hukipeleka kinywani. Alipimwa kwa mara ya kwanza mwezi huu: kiwango cha risasi 4, himoglobini nzuri. Kipimo kitarudiwa baada ya miezi mitatu, pamoja na cha dada yake. Mama ndiye aliyeipanga tarehe, na wakati mhudumu anaiandika, mkubwa alikiweka kitu gotini mwa mama yake, safari hii kifuniko cha kalamu. Mama alikitazama, akauliza, "Cha nani hiki?"